Gramu za Kikombe cha Mama

3 Februari

Kwa wifi yangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye moshi na masufuria. Hujambo? Kaka hajambo, na watoto je? Magoti ya mama yamempa nafasi? Mimi mzima, ila vidole viwili nimevichoma kwenye mlango wa oveni. Kwetu sisi wapishi wa hospitali hilo si la kuhadithia, hapa kila mtu ana alama yake.

Nina jambo, wifi, na nalisema bila kuzunguka, maana najua barua yangu ikiwa ndefu mnawapa watoto watengenezee kofia. Mpishi mkuu wetu anastaafu. Tumebaki wawili wa kuwania nafasi yake, mimi na mama mmoja tunayemwita Wa Supu, kwa sababu supu yake inasifiwa mpaka wodini. Msimamizi wetu, yule Bwana Kijiko niliyewahi kukusimulia, anayetembea na kijiko mfukoni mwa shati ili aonje kila sufuria, ameamua kutupima. Tarehe kumi Machi kila mmoja atapika kitu kimoja cha chai ya saa nne kwa wafanyakazi wote. Kwa upande wangu ni keki ishirini. Nami nimeshajitapa mbele ya watu kwamba nitapika keki ya mtindi ya mama.

Sasa cheka. Sijui inapikwaje. Unga najua ni pakiti nzima ya nusu kilo, sukari robo, mayai manne, mafuta ile chupa ndogo. Mtindi ndio sijui. Mama anaugandisha mwenyewe kwenye chungu, anauchota kwa kile kikombe chake cha bati, basi. Nakikumbuka kikombe kile, kikubwa, nilikuwa nakishika kwa mikono miwili. Lakini huku hakuna kikombe, kila kitu kinapanda mizani. Ukiandika "kikombe kimoja" kwenye karatasi ya jikoni, Bwana Kijiko anakuuliza cha nani. Nakuomba ukijaze kama mama anavyokijaza, ukipime, uniandikie gramu.

Na usinione mbaya nikisema hili: inaniuma kukuomba wewe. Kwenye jiko lile nimezaliwa mimi. Nilipokuwa nyumbani nilitumwa maji, nikatumwa dukani, nikatumwa kwa jirani. Ukaja wewe baada ya mimi kuondoka, ukaitwa jikoni ukaonyeshwa. Miaka kumi na moja sasa barua za mama ni "mwanangu amenipikia hiki, mwanangu amenikanda miguu," nami naenda mstari kwa mstari nijue anamsema mwana gani. Kila mara ni wewe, na mwandiko ni wako pia!

Nikipata nafasi hii nitapewa nyumba ya vyumba viwili nyuma ya hospitali. Hivi sasa nalala chumba kimoja na wapishi wawili, mama nitamweka wapi? Nikiipata nyumba nitamchukua aje akae nami moja kwa moja, na madaktari wa magoti watakuwa hatua mia kutoka mlangoni. Usinicheleweshe.

Wifi yako


14 Februari

Kwa wifi yangu wa masufuria makubwa,

Barua imefika, kofia bado hatujatengeneza. Sote tu wazima. Kaka yako anashinda chini ya magari ya watu, anarudi na oili mpaka masikioni. Watoto wanakula kama wamefunguliwa kutoka kifungoni. Mama analalamika akiinuka, akishaketi hana neno. Pole kwa vidole.

Umenena yako, nami nina yangu. Mwandiko ni wangu kweli, lakini maneno ni ya mama, mimi ni mkono tu. Unajua anachosema mbele ya wageni? Mgeni hajapata hata pa kuweka mkoba, picha yako imeshatolewa kabatini, wewe na kofia yako nyeupe. "Huyu ndiye anayelisha hospitali nzima." Mimi nimesimama pale na sinia la chai, na hakuna anayeuliza huyu naye analisha nani. Picha hiyo naifuta vumbi mimi. Kuna siku nilitamani initeleze mkononi.

Haya, mtindi wako. Nimejaza kikombe hadi pale rangi ilipobanduka kwa ndani, ndipo mama anapoishia siku zote. Mizani hatuna, kwa hiyo nimekifunika kwa kisahani nikakibeba mpaka duka la nafaka, watoto nyuma yangu kama tunakwenda kuposa. Mwenye duka akaondoa maharage ya mtu, nikatoa kisahani, akakipandisha. Mshale ukasimama kwenye mia nne na sabini. Akasoma mara mbili ili nisije nikasema amenipunja.

Basi keki moja ni gramu 470 za mtindi. Ishirini utazidisha mwenyewe, mtu wa mizani ni wewe.

Kuhusu kumchukua mama, hayo ni yako na kaka yako. Mimi humu ndani nimeolewa tu. Nakutakia mkono mwema siku hiyo.

Wifi yako


12 Machi

Kwa uliyeko nyumbani,

Mama nisalimie. Wengine sina pumzi ya kuwauliza hali.

Nilizidisha, kama ulivyoniagiza. Mia nne na sabini mara ishirini, kilo tisa na gramu mia nne. Mtindi wetu unakuja kwa ndoo za lita kumi, na lita moja ya mtindi ina kilo moja na gramu thelathini hivi, kwa sababu ni mzito kidogo kuliko maji. Nikagawa, nikapata lita tisa na kitu. Ndoo ikabaki na vidole viwili tu chini.

Keki zilipanda vizuri, wifi. Zikapanda mpaka nikamwita Wa Supu aje aone. Kisha zikaanza kuzama katikati, moja baada ya nyingine, na mimi nimesimama mbele ya kioo cha oveni na kitambaa mkononi. Nilizirudisha, nikaongeza moto. Juu zikaungua, ndani zimelowa.

Bwana Kijiko alichomeka kijiko chake, kikatoka na uji. Akakiangalia. Akauliza, "Hii inaliwa au inanywewa?" Manesi wakacheka, madereva wakacheka, hata yule mzee wa kufua mashuka ambaye hacheki na mtu. Wa Supu alipika mikate midogo ya maziwa, haikubaki hata makombo. Nafasi kapewa yeye. Nyumba kapewa yeye.

Sasa nakuuliza, na unijibu. Mama amepika keki ile miaka arobaini na haijawahi kuzama. Wewe umeipika kumi na moja. Iweje izame mikononi mwangu tu, kwa gramu ulizoniandikia wewe? Nilikwambia kwa mdomo wangu kwamba nikishinda nitamchukua mama. Nilikuwa mjinga kukwambia. Umekaa na mama yangu mpaka umeona ni wako, ukaona heri mimi niaibike kuliko uachane naye.

Usinitumie tena mwandiko wako. Mama akitaka kuniandikia, amtafute mtoto wa jirani.

Dada wa mumeo


25 Machi

Kwa dada wa mume wangu,

Hatujambo.

Nilichokisoma kwenye mizani ndicho nilichokuandikia. Mwenye duka yupo, mwulize. Sikuongeza wala kupunguza hata gramu moja. Labda mtindi wenu wa ndoo una maji kuliko huu wetu wa chungu.

Pole kwa yaliyokupata.

Mke wa kaka yako


2 Juni

Wifi,

Najua umenikataza mwandiko wangu. Ukiuona kwenye bahasha, tafadhali usiichane kabla hujafika chini.

Hujambo lakini? Vidole vilipona? Huku tu wazima, ila mama si yule. Haumwi, lakini amenyamaza. Barua yake ya Aprili hukuijibu, ya Mei hukuijibu. Saa za mtu wa posta anajivuta na kigoda chake mpaka mlangoni, na mtu wa posta akipita bila kusimama, mama anaingia ndani, haniangalii. Wiki iliyopita aliniuliza, "Nilimkosea nini mtoto yule? Ni kwa sababu sikumfundisha kupika?" Anadhani ni yeye. Nimeyabeba mengi, wifi, hilo limenishinda.

Mia nne na sabini niliisoma kweli, na kuapa naweza kuapa. Lakini ilikuwa pamoja na kikombe.

Siku ile sikujua. Mimi na mwenye duka wote tulitazama mshale, hakuna aliyetazama kilichoko chini ya mtindi. Asubuhi yake nikaitia barua posta. Mchana nikawa naosha vyombo, nikakiinua kikombe kile kikiwa kitupu, kikavu, nikauhisi uzito wake. Unakijua, bati nene la zamani, mkono wake umechomelewa mara mbili. Nikaganda pale pale na povu mpaka viwiko. Nikajua nimekupa gramu za mtindi na za bati.

Barua huchukua siku sita. Keki zako zilikuwa bado zaidi ya wiki tatu. Nafasi ya kukwambia ilikuwepo, tena tele. Nilichukua karatasi mara mbili. Mara ya pili nikaandika mpaka "Wifi, ngoja," kisha mama akaniita kutoka chumbani, "Mwanangu, njoo unishike niinuke." Nikaikunja karatasi nikaitia motoni.

Nilikuonea wivu. Nalisema waziwazi, maana kulificha kumenichosha. Wewe ukiondoka unabaki mtoto wake, ukikaa miaka ishirini bila kurudi unabaki mtoto wake, picha yako iko kabatini. Mimi nikiachana naye siku moja nakuwa nani? Wangu aliyenizaa alifariki nikiwa na miaka minne, sura yake siijui. Nilipoletwa humu nilikuwa sikumbuki hata mara moja nimemwita mtu mama akaniitika. Nikaona wewe una hospitali nzima, na mimi nina kibibi kimoja chenye magoti mabovu, na bado unakuja kumtaka.

Sijitetei. Nimekuharibia, na nilijua. Niache mimi, lakini mwandikie mama.

Mke wa kaka yako


21 Juni

Kwa mke wa kaka yangu,

Barua niliyomwandikia mama nimeifunga humu, msomee kama ilivyo.

Yako niliisoma nimekaa juu ya gunia la viazi stoo, nikaisoma tena, nikakutukana kwa sauti. Sijakusamehe. Nakwambia usije ukadhani karatasi hii ni msamaha.

Ila kuna kitu nami sikukisema. Ile siku nilipomimina mtindi wote, rojo lilikuwa jepesi. Nililiona. Miaka yote hii nashika mwiko, hata nikifumbwa macho najua rojo la keki. Mkono wangu uliniambia acha, umezidisha. Msaidizi wangu akauliza, "Shangazi, ndivyo lilivyo?" Nikamjibu, "Ndivyo mama anavyofanya." Sikuwa na uhakika hata kidogo. Lakini nilishasema ni keki ya mama yangu, ningewezaje kusimama pale nikiri kwamba siijui, anayeijua ni mke wa kaka? Nikamimina mpaka tone la mwisho. Wivu wako ulinyamaza, wangu ukamimina.

Mume wa Wa Supu amehamishwa kikazi na yeye anamfuata. Tarehe mbili Agosti tunapimwa upya, mimi na kijana mmoja wa mikate. Bwana Kijiko amesema akiona uji tena ataniachisha hata kumenya vitunguu.

Gramu za kikombe kitupu anazijua aliye nacho. Sikuombi, nilishaomba mara moja. Ukitaka utaniandikia, usipotaka nitapika biskuti. Nikishinda, mama namchukua, hilo halijabadilika.

Dada wa mumeo


1 Julai

Kwa wifi,

Hujambo? Sisi wazima. Barua yako mama alinisomesha mara tatu, kisha akaiweka chini ya mto na kuniambia nipunguze chumvi kwenye mboga, kwa hiyo jua amepona.

Safari hii sikwenda kwa mtu wa nafaka. Nimekwenda duka la dawa, wana mizani ndogo ya kupimia unga wa dawa na vijiwe vyake. Kikombe kitupu, kikavu: gramu 161. Kikombe na mtindi hadi rangi ilipobanduka: 470. Ukitoa, mtindi peke yake ni gramu 309. Nilirudia mara tatu, mwenye duka akaanza kunitazama vibaya.

Kisha nikakumbuka ulivyosema juu ya maji na lita. Nikamwaga mtindi kwenye bakuli, nikakiosha kikombe, nikakijaza maji hadi pale pale. Maji peke yake gramu 300. Kwa hiyo kikombe cha mama ni mililita mia tatu tu, wifi. Si kikubwa. Mikono yako ndiyo ilikuwa midogo.

Keki ishirini ni gramu 6,180. Kwa ndoo yenu ni lita sita kamili, nimegawa mwenyewe na mtoto wa kwanza akanisahihishia. Ukipima kwa lita usiupigepige mtindi kabla, unaingia hewa, chombo kinaonekana kimejaa na uzito haumo. Ukoroge taratibu, ugonge chombo mezani mara mbili ushuke. Na mama anaumimina wa mwisho, baada ya unga. Hilo najua hukuambiwa.

Sasa mama. Akisema hataki chai, anataka. Maji ya kuoga yawe ya moto kuliko unavyodhani. Goti la kushoto ndilo bovu, lakini la kulia ndilo atakalokulalamikia, kwa sababu la kushoto analiogopa. Usimkande ukiwa na haraka, anajua. Akianza kukusimulia habari ya mbuzi aliyekula shuka, mwache amalize, hata ukiwa umeisikia mara mia.

Nimekaa muda mrefu na kalamu hapa. Nakuonea wivu tangu sasa hivi, kabla hata hujawasha oveni. Nikiwaza kwamba ni wewe utakayesikia akikohoa asubuhi, moyo unanichoma. Lakini ni mama yako, na gramu ni hizo. Zipike.

Wifi yako


9 Septemba

Kwa wifi yangu,

Hujambo, na kaka, na watoto? Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa nahamia ile nyumba ya vyumba viwili na kupaka chokaa kwa mikono hii hii. Mama amefika salama. Mwambie kaka mzigo wote umefika, hata kile kigoda ambacho nilimwambia asikilete.

Keki zilisimama. Zote ishirini, juu zimepasuka kidogo kama zile za nyumbani. Bwana Kijiko alikula kipande kizima, akala cha pili, akakirudisha kijiko mfukoni bila kukifuta. Nilikuwa nimejiandaa kulia, nikasahau.

Daktari amemwona. Ni la kushoto, kama ulivyosema. Chai anaikataa, nampa. Maji nimeyapasha moto mpaka mimi mwenyewe siwezi kuyagusa, akasema sasa hayo ndiyo maji. Habari ya mbuzi nimeshaisikia mara nne.

Juzi nilimpikia keki yake, moja tu. Gramu mia tatu na tisa, mtindi wa mwisho baada ya unga, sikuongeza hata tone. Alikula vipande viwili. Kisha akasema, "Ndiyo yenyewe." Wifi, miaka yote hii nimelisha maelfu na sijawahi kusikia neno tamu kama hilo. Nikageuka nijifanye nafunga kabati.

Nikiwa nimempa mgongo, akauliza, "Mwanangu naye atakuwa amekula nini leo?"

Nilijua anamsema mwana gani. Sikuhitaji kwenda mstari kwa mstari. Nikamwambia, "Atakuwa amekula, mama, yule hakosi." Nikaosha sahani ambayo ilikuwa safi. Iliniuma, sikufichi, iliniuma zaidi kuliko siku ya uji.

Leo asubuhi amevaa viatu, amekaa kwenye kigoda chake karibu na mlango, akaniuliza mabasi ya kurudi nyumbani huondoka lini.

Yapo kila siku, wifi. Saa mbili asubuhi na saa nane mchana, kituo kiko nyuma ya ukuta wetu, tukiwa jikoni tunayasikia yakipiga honi.

Nimemwambia ni mara moja kwa mwezi.

Wifi yako